Upele Unarudia, Wewe Hurudii

Umeamka saa ngapi leo? Na mbwa wako alilala saa ngapi?

Hujui. Basi nikwambie mimi: hakulala. Alijikuna mpaka alfajiri. Mguu wa nyuma ulipigapiga sakafu ya baraza, akatulia kidogo, akaanza tena. Ulimsikia. Ukageukia upande wa pili, ukavuta shuka.

Miezi mingapi sasa?

Wewe wa Same mjini, wewe wa Hedaru, wewe wa Makanya, wewe wa kule juu Vudee, Mbaga na Chome ambako ukungu huingia mpaka jikoni, nakuuliza wewe. Mbwa huyo ndiye anayebweka mtu asiyetakiwa akilikaribia zizi la mbuzi. Ndiye anayefukuza nyani kwenye mahindi yako. Ndiye anayewasindikiza watoto mpaka njia panda ya shule, kisha anarudi peke yake. Wewe umemlipa nini? Kiuno kisicho na manyoya. Masikio yenye magamba. Harufu ambayo wageni wako wanaisikia na kunyamaza kwa adabu.

Ukiulizwa, jibu lako ni lilelile: "Nimejaribu kila kitu."

Hapana.

Umejaribu kila kitu mara moja moja.

Mwezi wa tatu ulimwogesha, mara moja. Mwezi wa sita ukamwita mtu akamchoma sindano. Mbwa akapata nafuu wiki mbili, ukashangilia, ukasahau. Mwezi wa tisa mwasho ukarudi, jirani akakushauri oili chafu ya gari, ukampaka. Sasa unatangaza kijiji kizima kwamba ugonjwa huu hauna dawa. Dawa ipo! Kinachokosekana ni mara ya pili. Kinachokosekana ni mara ya tatu. Upele unarudia, wewe hurudii.

Na unajua kwa nini unarudia?

Chukua kiroboto. Yule unayemwona akikimbia tumboni mwa mbwa ni sehemu ndogo tu ya ukoo wake. Waliobaki, mayai, mabuu na wale waliojifungia kwenye vifuko, hawako mwilini kabisa. Wako pale anapolala. Kiroboto jike hutaga juu ya mbwa, lakini mayai hayashiki kwenye manyoya. Yanadondoka kwenye gunia, kwenye vumbi chini ya ghala, kwenye nyufa za sakafu. Kwa joto la tambarare, yai linaweza kuwa kiroboto kamili ndani ya wiki tatu hivi. Na yule aliye kwenye kifuko anaweza kungoja miezi, mpaka ahisi joto na mtikisiko wa mnyama anayepita. Kwa hiyo Jumapili ile ulipomwogesha mbwa ukamwacha arudi kwenye gunia lilelile, ulifanya nini? Uliwaua wachache, ukawapelekea chakula waliobaki.

Kupe naye ni hivyohivyo. Yule kupe wa kahawia wa mbwa akishashiba hujiangusha, hupanda ukuta, hujipenyeza kwenye ufa wa tofali na kutaga mayai kwa maelfu. Wadudu wa upele wenyewe, wasioonekana kwa macho, huchimba ndani ya ngozi na kutaga humohumo. Dawa huwaua wakubwa, mayai mengi yanasalimika. Wiki mbili tatu baadaye kizazi kipya kiko kazini. Hapo ndipo ilipotakiwa dawa ya mara ya pili.

Wewe ulikuwa wapi?

Amka, uangalie! Hakuna daktari wa mifugo anayemjua mbwa huyo kuliko wewe. Yeye atamwona robo saa. Wewe unamwona asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Macho unayo. Umeyalaza tu.

Jioni hii fanya hivi. Chukua karatasi nyeupe, ilowanishe maji kidogo, itandaze chini. Msimamishe mbwa juu yake, mchane kwa kitana chenye meno yaliyobanana, kuanzia mgongoni hadi kwenye shina la mkia. Vitadondoka vipunje vyeusi. Subiri dakika moja. Vikianza kuachia rangi nyekundu inayoelekea kahawia, hiyo ni damu. Damu ya mbwa wako, iliyopita tumboni mwa kiroboto na kutoka kama kinyesi. Huna haja ya kumkamata kiroboto mwenyewe. Ushahidi uko kwenye karatasi. Na wapo mbwa ambao mate ya kiroboto huwaletea mzio. Hao, kuumwa mara chache tu kunatosha kuwawasha kwa siku kadhaa, na ndio hasa wanaonyonyoka kiunoni na nyuma ya mapaja.

Sasa shika ukingo wa sikio lake. Ukunje, uusugue taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Mguu wa nyuma wa upande huohuo ukianza kurukaruka wenyewe, ukikuna hewa, shuku upele wa kuambukiza. Angalia na viwiko. Angalia visigino. Angalia chini ya kifua. Kisha mwangalie mtoto anayependa kumkumbatia: ana vipele vinavyowasha mikononi au tumboni? Upele huo wa mbwa huwarukia watu kwa muda. Ukimpaka mtoto dawa na mbwa ukamwacha, kazi umeifanya nusu.

Yupo mbwa wa miezi michache anayenyonyoka kuzunguka macho na mdomo bila kuwashwa sana. Huyo ana mdudu mwingine, na tiba yake si hiihii. Yupo mwenye mabaka ya duara, huenda ni fangasi. Yupo ambaye ngozi ya kwapani imekuwa nene, nyeusi, ina mafuta na inanuka. Yupo ambaye ncha za masikio tu ndizo zenye damu iliyokauka, kwa sababu nzi wanamng'ata hapo mchana kutwa. Mwasho ni mmoja, sababu ni nyingi.

Na wewe ulitaka chupa moja imalize zote?

Hapa nitakuwa mkali, maana mbwa wanakufa kwa kutibiwa vibaya. Acha oili chafu. Acha leo! Imebeba mabaki ya metali na kemikali za injini, inapenya kwenye ngozi iliyochubuka, na mbwa anailamba usiku kucha. Acha mafuta ya taa, yanaunguza. Wewe mkulima wa mlimani, ile dawa ya kunyunyizia kabichi na nyanya iache shambani. Haikutengenezwa kwa ngozi ya kiumbe. Acha sabuni ya unga, inaikausha ngozi ambayo tayari imekauka. Vidonge vya maumivu ulivyobakiza ulipokuwa mgonjwa, diklofenaki na ibuprofeni, vinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Na ile sindano ya kukata mwasho uliyoisifia sana? Mara nyingi ni steroidi. Inazima mwasho, kweli, lakini inashusha kinga ya mwili, na kama chanzo ni wadudu wa upele, wanazaliana kwa raha zao. Ndiyo maana mwezi wa tisa ulikuwa mbaya kuliko wa sita.

Mwarobaini? Chemsha majani, acha maji yapoe, mwoshee. Unatuliza, sikukatazi. Lakini usiufanye kisingizio cha kutomwona daktari.

Dawa za kweli zina majina. Kuna amitrazi, inayojulikana sana kwa wafugaji wa ng'ombe. Hutibu upele wa mbwa ikichanganywa kwa kipimo anachokupa daktari, si kwa kukisia na kizibo cha chupa. Kuna ivermektini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani na kuwapa William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2015. Ni dawa kubwa. Lakini ile ya ng'ombe ni kali, ikizidi kidogo kwa mbwa ni sumu, na mbwa wa jamii ya Collie wanaweza kufa kwa kiasi ambacho mwingine hakimdhuru. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna, fluralaner ni mojawapo, ambavyo kimoja huua viroboto kwa takriban wiki 12. Ni ghali, na huenda ukalazimika kuagiza Moshi au Arusha.

Agiza! Spea ya bodaboda unaagiza Arusha na inafika kesho yake kwa basi. Kidonge ndicho kitakachokushinda?

Daktari atakuuliza uzito wake. Usiseme "wa kawaida tu". Mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani, soma. Mweke chini, panda peke yako, soma tena, toa. Kipimo cha dawa kinategemea namba hiyo. Mwombe pia akwangue ngozi mpaka damu ianze kuchungulia, aiangalie kwa hadubini; na kama hana hadubini, muulize kuhusu kupeleka sampuli kituo cha Arusha cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA. Kuuliza si ukorofi. Ni haki ya anayelipa.

Ukipewa shampuu ya dawa, usiimwage na kuisuuza papo hapo. Ikae mwilini dakika kumi. Dakika kumi nzima! Mshike, zungumza naye, mkune kichwani. Ndizo dakika zinazofanya kazi.

Halafu nenda pale anapolala.

Hapo ndipo wengi mnaposhindwa, kwa sababu ni kazi ya kuinama. Lile gunia la katani lichome moto. Usilipige vumbi na kulirudisha, lichome. Fagia kona yote mpaka kwenye udongo mgumu, na takataka zake uzichome pia. Mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, kisha zizibe. Mpe tandiko jipya unaloweza kufua kila wiki na kulianika kwenye jua. Jua la Same unalilalamikia mwaka mzima: sasa lipe kazi. Mabuu ya kiroboto hayavumilii ukavu na jua kali. Kule mlimani, kwenye baridi na unyevu, mbwa analala jikoni karibu na moto, kwa hiyo jiko zima ndilo linalofagiwa. Mbwa wote wa nyumba watibiwe siku moja. Paka usimguse na dawa ya mbwa kabisa: permethrini na amitrazi ni sumu kwake.

Umechoka kusikiliza? Bado hujaanza.

Maana siku ya kwanza si tatizo lako. Siku ya kwanza wewe ni hodari. Tatizo lako ni siku ya kumi na nne, mbwa ameanza kuota manyoya, hajikuni, na wewe unasema, "Si amepona?" Hajapona. Amepumzika. Dawa inarudiwa kwa nafasi atakayokupangia daktari, mara nyingi wiki moja hadi mbili, kwa mwezi mmoja na zaidi, hata kama mbwa anang'aa.

Hasa kama anang'aa!

Usiniambie huwezi kushika ratiba. Wewe ni mtu wa Upare! Wazee wako walichimba ndiva kwenye miteremko hii. Walizijaza maji usiku, wakayafungulia mchana, yakashuka kwa mifereji mpaka shamba la mwisho. Nenda Bangalala ukaione ndiva ya Manoo, watu wanagawana maji kwa zamu. Mfereji ukijaa tope, msaragambo unaitishwa na watu wanashuka na majembe. Ni mkulima gani wa bonde lile aliyewahi kusema, "Nilifungulia maji mara moja mwezi wa tatu, mbona mahindi yamekauka?" Hakuna. Zamu iko damuni mwako. Umerithi subira iliyolisha milima hii kwa vizazi, halafu unashindwa kumkumbuka mbwa kila baada ya wiki mbili?

Weka alama kwenye kalenda ya ukutani. Weka kengele kwenye simu. Mpige picha masikio na kiuno leo, na kila Jumamosi, ili usidanganywe na macho yaliyozoea.

Na kwa kuwa nimetaja ndiva: usimwogeshe mbwa mwenye dawa ndani yake, wala kwenye mfereji. Amitrazi na dawa za jamii ya permethrini huua samaki, na maji hayo kuna mama anayachota huko chini. Mwogeshee uani, mbali na kisima, umevaa glavu. Akiwa na maumivu anaweza kukung'ata hata wewe anayekupenda, kwa hiyo mfunge mdomo kwa ukanda wa kitambaa kwa dakika hizo chache. Lakini mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate au kung'ata ovyo, huyo usimguse. Toa taarifa mara moja. Huenda ni kichaa cha mbwa; hiyo si habari ya ngozi tena.

Najua visingizio vilivyobaki. Vilete.

"Sina hela." Gunia kulichoma ni bure. Karatasi na kitana ni bure. Kwa dawa, weka kando hela ya vocha kidogo kidogo. Au ungana na majirani: wenye mbwa watano wakinunua chupa moja na kumwita afisa mifugo siku moja, gharama inagawanyika mara tano. Huu ni msaragambo pia. Na ni tiba bora zaidi, kwa sababu mbwa wako aliyepona hatacheza tena na wa jirani mwenye upele na kurudi nao nyumbani. Nani aitishe? Wewe. Unangoja mwenyekiti wa kitongoji aote ndoto?

"Dini yangu." Ndugu yangu Muislamu, unakijua kisa cha msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa kwa tendo hilo. Vaa glavu. Oga baadaye. Lakini usimwache kiumbe wa Mungu ateseke mlangoni pako.

"Ni mbwa tu." Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, kwa hiyo hata serikali haikubaliani nawe. Na geuza uso uangalie upande wa lango la Zange. Pale nyuma ni hifadhi ya Mkomazi. Kuanzia Desemba 2000, ugonjwa wa distempa uliingia kwenye kundi la mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa kule ili kunusuru kizazi chao. Ndani ya miezi miwili walikufa 49 kati ya 52. Arobaini na tisa! Distempa si upele, lakini virusi vyake hubebwa pia na mbwa wa kufugwa kama huyo wako. Ukimpeleka kwa ajili ya mwasho, mwombee na chanjo ya distempa, na ya kichaa cha mbwa kama muda wake umepita. Safari moja, mambo matatu. Afya ya mbwa wa Same haiishii kwenye ua wa Same.

Na wewe kijana uliyekaa kijiweni ukisema hakuna fursa. Ndiyo, wewe. Umejifunza kusoma damu kwenye karatasi. Umejifunza mtihani wa sikio. Umejua kwa nini dawa hurudiwa. Kijiji chako kina mbwa wangapi wanaojikuna usiku huu? Nani anawahudumia? Chuo cha mifugo cha LITA kiko Tengeru, ng'ambo ya Moshi unapokwenda Arusha. Sokoine, pale Morogoro, wanafundisha udaktari wa wanyama. Walioko huko walianza na macho kama hayo yako. Nani alikwambia yako ni ya kuangalia mpira tu? Anza na mbwa mmoja. Mponye mmoja, kabisa, mpaka wiki ya mwisho ya dawa, na majirani watakuja wenyewe kuuliza ulifanyaje.

Ofisi ya kijiji wanayo namba ya afisa mifugo wa kata. Usiku huu chana, sugua, pima, piga picha. Kesho saa mbili asubuhi uwe umesimama mlangoni kwake, karatasi yenye madoa mekundu mkononi, kilo za mbwa wako umeziandika, na swali lako la kwanza liwe hili: "Nirudi lini kwa dawa ya pili?"